Ministre na Sheria ya Kamba

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Chef wa mtaa amepita na kipaza sauti. Sheria mpya! Mbwa akifungwa nje, awe na kivuli, maji na kamba ndefu. La sivyo atachukuliwa, apewe mwenye huruma. Watu wote wakamgeukia mbwa wangu Ministre, amefungwa kwenye nguzo, juani, akilinda kuku. Tangu kiwanda nilichofanyia kazi kisimame, sina mali nyingine. Jirani yangu Adrienne, muuza mikate, akasema kwa sauti kwamba yeye huruma anayo tele. Mnafiki! Anammezea mate Ministre tangu alipokuwa mtoto wa mbwa.

Jumanne, 6 Septemba

Nimepata akili. Kivuli ni kivuli. Nimechukua mwavuli wa mke wangu Viviane, ule wa misa, nikaufunga juu ya nguzo. Maridadi! Kufika adhuhuri Ministre ameutafuna, imebaki mifupa ya chuma. Viviane hanisemeshi. Anamsemesha Ministre tu.

Jumatano, 7 Septemba

Sheria inamhusu mbwa aliyefungwa. Je, nikifungwa mimi? Kamba ya Ministre nikaifunga kiunoni mwangu, nikakaa barazani. Chef alipofika nikamweleza kwa heshima kwamba hapa mfungwa ni mimi. Alikuwa bado anafikiri, mbuzi akapita, Ministre akamkimbilia. Mungu wangu! Nimevuka ua wa Adrienne kwa tumbo, nimepindua beseni lake la unga, nimetua mtaroni. Ministre akarudi kunilamba uso. Adrienne alicheka mpaka akakaa chini.

“Papa Floribert, mbwa iko na akili kukupita weye!”

Chef hakucheka. Ijumaa anarudi kumchukua.

Alhamisi, 8 Septemba

Jua kali. Nilikwenda kumuaga Ministre, nikakaa naye pale kwenye nguzo. Ardhi inaunguza! Aliniwekea kichwa gotini. Nikapanda kung’oa bati la paa la jiko letu. Adrienne akaleta nyundo, na sufuria ya maji. Tukampigilia Ministre kibanda.

Ijumaa, 9 Septemba

Chef ameridhika! Ministre ana nyumba, maji na kamba ndefu. Amelala humo mchana kutwa, raha mustarehe, na mwizi amebeba jogoo mbele ya pua yake. Viviane anapika juani na ananitazama vibaya. Si neno. Philippe wa Kamatanda ana nyani, anamtoa bure; huyo atalinda kuku. Nimeulizia: hakuna sheria ya nyani. Kesho naenda. Ministre atanisaidia kuchagua kamba.