Alama za Kumleta Dastan

Jumatatu, 9 Desemba

Dastan amepiga! Mwanangu. Yule aliye Ufaransa anasomea misitu. Shahada ya pili! Mimi darasa la saba, yeye shahada ya pili, na nilimbeba mgongoni mimi hapa hapa Rubafu.

Mtandao mbovu, ndiyo tabia ya kilima chetu. Nikapanda juu ya jiwe la nyuma ya jiko, nikanyoosha shingo kama kuku anayekunywa maji. Sauti ikaja, ikakatika, ikaja. Nilichosikia: "...nakuja Krismasi, Mama." Herufi za mbele zilimezwa na upepo. Nikamwambia arudie. Simu ikafa.

Si kitu. Mama hujazia mwenyewe. Amesema "tunakuja". Yeye na Odile, yule mama wa Kifaransa aliyempangisha chumba, ambaye Dastan alishaniambia kwamba anapenda sana kutembea kwa miguu. Miaka sita Dastan hajakanyaga hapa, tangu siku tuliyomzika baba yake, Ta Avit.

Nimetangaza kisimani. Nimetangaza dukani kwa Protase. Jirani yangu Klaudia akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba mashaka ni ya watu ambao watoto wao wameishia Kahororo. (Hellen wake anafundisha shule huko. Huja kila mwezi na mikate. Mikate!)

Sitampigia Dastan kumuuliza tena. Mtoto akiulizwa mara mbili hupata nafasi ya kubadilisha.

Jumanne, 10 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Nimefungua chumba chake. Godoro linanuka ukungu. Nimekaa juu yake nikitazama picha aliyonitumia mwezi wa nane.

Kijiji cha mawe kileleni mwa kilima. Kina kuta, kina kanisa, kina miaka mia nane. Na watu wanakizunguka kwa miguu! Hawana jembe, hawana mzigo, hawaendi kwa mtu. Wanazunguka, wanarudi walikotoka, wanasema wamechoka. Hapa kwetu mtu akionekana anatembea hivyo tungeita ndugu zake. Lakini Dastan aliandika kwamba kila Jumapili yuko kwenye njia hizo na roho yake hutulia.

Leo nimeelewa kwa nini harudi. Si masomo. Ni njia! Huko zipo, hapa kuna rweya tu, majani matupu hadi ukingoni, na ziwa chini.

Basi nitamtengenezea njia. Tuna kilima. Tuna mawe. Ukale tunao pia: Ta Karugendo, baba mkwe wa Klaudia, peke yake anakaribia tisini. Dastan akizikuta njia hapa, atarudi Ulaya kufanya nini?

Alama zao alinieleza. Mstari mweupe juu, mwekundu chini: pita. Msalaba wa X: usipite, rudi utafute njia nyingine. Rahisi. Hata Klaudia angeelewa.

Alhamisi, 12 Desemba

Kazi imefanyika! Nimeanza saa saba mchana, watu wote wakiwa migombani. Chokaa kwa mweupe. Kwa mwekundu, ile rangi ya mafuta iliyobaki nilipopaka geti. Mstari kwenye mawe, mstari kwenye miti, kutoka barabara ya chini, juu kuzunguka rweya, hadi getini kwangu. Magoti yanalia. Nimefurahi kama mtu aliyekamua ng'ombe wa kwanza.

Penye genge, X, mgeni asianguke ziwani. Kwenye njia ya kinamasi, X. Kisha nikafika kwenye nyumba ya Klaudia.

Hapo nikawaza. Wageni wakipita pale watamwona Klaudia kabla yangu. Klaudia ana mdomo mtamu, na senene wake huwakaanga vizuri kuliko... Wanafanana na wangu. Atawaita, "Nyegera waitu, karibuni," na Dastan ana adabu, hawezi kukataa. Mwanangu, baada ya miaka sita, ale kwanza kwa Klaudia?

X ukutani, upande wa njia. Kubwa. Mikono miwili ya rangi.

Jumamosi, 14 Desemba

Balaa.

Sikuwaza. Kweli kabisa sikuwaza! Kila Mtanzania anajua X nyekundu ukutani ni nini. Ni serikali. Ni barabara. Ni toa vyombo vyako, tunabomoa. Mimi mwenyewe najua! Lakini juzi nilikuwa nawaza Kifaransa.

Klaudia ameshusha mabati ya jiko lake ili yasiharibiwe na greda. Amekaa nje kwenye manyunyu, sufuria zimemzunguka. Ananiuliza, mama Dastan, nimewakosea nini hawa watu? Nikamkumbatia. Akalia. Nikalia pia. Nililia vizuri kuliko yeye.

Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Kahigi, amesema hajaarifiwa, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayetaka tudhani ameficha siri. Protase naye kasikia habari za fidia. Jioni banda lake la mbuzi lilikuwa na X. Siyo yangu! Zangu zina mikono iliyonyooka. Ile ya Protase imelala kama mlevi.

Nikiri? Nitakiri. Dastan akishafika. Mbele yake watanisamehe.

Jumatatu, 16 Desemba

Ta Karugendo amekuja na fimbo yake, amelowa hadi magotini. Masikio yamekwisha, lazima umpigie kelele. Anasema mimi nina mwandiko, nimwandikie serikali. Ana makaburi manne kibanjani kwake, chini ya migomba: mke wake, watoto wawili, na mwanawe mkubwa, mume wa Klaudia. Anataka kujua kama greda litasubiri. Anataka kujua wafu huhamishwa kwa gari gani.

Nikachukua kalamu.

Nimeandika barua nzuri sana. Kurasa mbili! "Ndugu Serikali, tunaomba barabara yako ipinde kidogo." Nilipomsomea kwa kelele aliitikia kwa kichwa kila mstari. Nilipofika kwenye majina ya makaburi, akaniambia niandike jina la mkewe vizuri, Joanitha, si Joana, wasije wakamchanganya na mwingine.

Kisha akanishika mkono. Akasema wewe unaelewa, mtoto wako yuko mbali. Akasema mtu akishahamishwa mahali pake, hata akirudi, huwa amerudi mgeni.

Sijala chakula cha jioni. Ndizi hazikuiva vizuri. Ni ndizi tu.

Jumatano, 18 Desemba

Nimeshtuka! Kisimani Jovita, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwaya yetu ya Kilutheri, amehesabu X kwa vidole. Sasa zimefika kumi na moja, kumbe Protase ana wanafunzi. Akasema ajabu, ukingo huu wote nyumba isiyo na X ni ya mama Dastan tu. Wanawake wakaweka ndoo chini, wakanitazama. Macho yale nayajua. Ndiyo yale ya kabla ya jina la mkosaji kutajwa ibadani.

Nimerudi mbio. Nimepaka X getini kwangu, mikono miwili ya rangi, nikatoka barabarani nikapiga yowe, "Jamani, na mimi wameniwekea!" Watu wakaja. Klaudia akaniletea kikombe cha uji. Akili ninayo.

Jumamosi, 21 Desemba

Hellen amekuja likizo, na mikate. Akacheka alipoona X. Akapiga simu kwa mtu anayemfahamu, huyo akapiga kwa mwingine. Jibu: hakuna barabara, hakuna greda, hakuna lolote. Ni mhuni tu.

Kilima kizima kikashika mafuta ya taa na matambara. Hadi saa kumi kuta zote zilikuwa safi. Kahigi akatangaza kwamba huyo mhuni akijulikana ataonana naye, na mgambo wawili. Alinitazama? Sidhani. Ana kengeza.

Ya getini kwangu sikuifuta. Hapa ndipo elimu inapoonekana. Mhalifu hukimbilia kufuta. Asiye na hatia hana haraka.

Ta Karugendo hamwamini Hellen. Anasema simu ni maneno, yeye anangoja karatasi.

Jumanne, 24 Desemba

Siku yenyewe! Nimepika tangu alfajiri. Ndizi na maharage, samaki, senene kikapu kizima. Shuka jipya. Maua kwenye kopo. Nimevaa gomesi la kijani, lile la mahafali yake.

Saa sita, hakuna. Saa nane, hakuna. Saa tisa mvua imeshuka kama imetumwa, na ukungu, sioni hata geti langu mwenyewe.

Saa kumi na moja, hodi! Nikaruka. Kisha nikasikia sauti: Klaudia. Pamoja naye nyayo nzito, za buti. Mgambo! Wamegundua! Mkesha wa Krismasi, Dastan yuko njiani, wanichukue mbele yake nikiwa na gomesi?

Nilizima taa. Nikaingia nyuma ya magunia ya kahawa. Klaudia aligonga, akaita mama Dastan, mama Dastan, fungua, mama wee. Sikupumua. Baada ya muda wakaondoka.

Nimewashinda. Lakini chakula kimepoa, na Dastan bado.

Jumatano, 25 Desemba

Kanisani. Benchi la tatu. Klaudia, Hellen, na katikati yao mzungu mwenye mvi, amevaa kitenge cha Klaudia, miguuni buti kubwa za tope.

Odile.

Nilitazama kushoto kwake. Nikatazama kulia. Nikatazama mlangoni wimbo mzima.

Baada ya ibada Hellen akatafsiri Kiingereza chake. Odile alifuata mistari yangu tangu barabara ya chini, hakupotea hata mara moja! Akasema njia ni nzuri, ziwa limemliza. (Nilijua!) Kisha akafika kwenye geti lenye X. Kwao X ni X. Akageuka, mtiifu kama askari, akaenda kwenye nyumba iliyo safi. Kwa Klaudia. Wakamkausha nguo, wakamlisha senene. Klaudia alipojua ni mgeni wangu alimleta kwangu kwenye mvua, wakagonga, pakawa giza.

Odile akachora X hewani kwa kidole, akaeleza maana yake, hadharani, mbele ya kwaya. Jovita akaacha mdomo wazi. Klaudia akanitazama. Nilingoja tusi. Tusi ningelijibu. Akanisogelea. Akanitengenezea gomesi, mkanda ulikuwa umelegea.

Kuna kifurushi. Sweta, dawa ya magoti, na barua. "Mama, kama nilivyokuambia kwenye simu, Odile anakuja Krismasi. Mimi kazi imenibana."

Anakuja. Herufi moja tu hiyo.

Tumekula kwa Klaudia, ndani ya jiko lisilo na bati, tukihama kila mvua ilipohama. Ta Karugendo akanivuta, akauliza kwa kelele kama serikali imejibu. Watu wote wakainamia sahani. Nikampigia kelele kwamba ndiyo, imejibu, imesema barabara itapinda. Akafumba macho. Akashukuru kwa Kihaya, kasinge waitu, kasinge. Akaanza kula. Klaudia anasema ni mara ya kwanza kula vizuri tangu siku ile ya rangi.

Senene wa Klaudia ni wazuri kuliko wangu. Naandika mara moja tu, sitarudia.

Ijumaa, 27 Desemba

Odile ameondoka. Kahigi kaniamuru nirudishe mabati ya Klaudia kwa mikono yangu. Nimekaa juu ya paa asubuhi nzima, Klaudia akinipa misumari kutoka chini na kunielekeza vibaya. Nimefunga chumba. Shuka halikulaliwa, lakini nimelifua.

Jioni Dastan amepiga! Nikaruka juu ya jiwe, Klaudia nyuma yangu ananishika kiuno nisianguke. Upepo. Sauti ikaja, ikakatika. Nikasikia wazi kabisa: "...takuja Pasaka, Mama." Simu ikafa.

Klaudia akauliza, taratibu, kabla ya "takuja" alianza na nini. Nikamwambia herufi ya mbele imechukuliwa na upepo, lakini mama hujazia mwenyewe. Akasema, mama Dastan, ungempigia tu ukamuuliza. Nikamwambia hajui mambo ya Ulaya. Akaendelea kunishika kiuno ingawa nilishashuka.

Pasaka! Miezi minne haifiki. Safari hii simwekei mtu X, nimekoma. Nitaweka mishale. Mishale mikubwa, kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu, hata kwenye kuta za watu, hasa ule wa kanisa. Mshale nani ataugombea?

Rangi nyekundu imebaki nusu kopo. Inatosha.