Wifi Yako Ndiyo Tatizo

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kanipigia simu asubuhi. Kanichamba! Kisa, mtandao wangu wa nyumbani. Eti kila kikao naganda kwenye kioo kama picha ya ukutani. Kanipa nafasi ya mwisho: kikao cha Ijumaa. Nikiganda tena, narudi ofisini. Ofisini! Kukaa ubavuni kwa yule mwenzangu tunayemwita Mafua, anayekata kucha zikarukia kwenye chai yangu! Kazi yangu naifanyia kitandani, na hapo sitoki.

Nikampigia fundi wa mtandao. Akaniambia nichomeke kompyuta kwenye kile kiboksi cha mtandao kwa waya. Ikienda kasi, basi huduma ni nzima, tatizo ni wifi ya humu ndani. Nikamshukuru, nikakata. Waya! Kiboksi kiko sebuleni, kitanda kiko chumbani. Huyu fundi hajui starehe.

Mchawi namjua. Jirani! Ananinyonya mtandao kupitia ukutani. Nimekifungia kiboksi ndani ya kabati la chuma, na kufuli juu. Aibe sasa!

Jumanne, 4 Machi

Hali mbaya zaidi. Chumbani hakuna kitu kabisa. Jirani ana mbinu nzito kuliko nilivyodhani.

Nimebadilisha nywila. Ngumu mno, hakuna wa kuibuni. Baada ya chai nikaisahau. Mke wangu akakatika katikati ya maongezi na mama yake, pale pale mama mkwe alipokuwa anafika kwenye utamu wa umbea. Sijaongeleshwa tangu hapo. Ugali nimejipakulia mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua kabati kwa muda, nimerudisha nywila ya zamani na kujaribu waya. Si kwa kumtii fundi, ni kwa kumuumbua. Loo! Kompyuta ilipaa! Video ikafunguka kabla sijatoa kidole. Nikaruka hadi taulo likanidondoka.

Furaha ikanitia kiherehere. Mke wangu alikuwa kazini, nikamwandikia hapo hapo: “Mke wangu, nimejua tatizo. Ni wifi yako. Mzigo mtupu! Leo ni kutoa sebuleni, ikibidi kutupa jalalani. Dawa yake ni waya tu.”

Nikautuma kwenye kundi la familia. Kwa bahati mbaya.

Sasa, dada yangu yuko kwetu tangu mwezi uliopita, analala sebuleni, anatushonea mapazia. Kwa mke wangu yeye ni nani? Wifi! Nilisikia cherehani imenyamaza ghafla. Shangazi akapiga simu akilia, akiniuliza mtoto wa kaka yake nimchape waya kwa kosa gani. Nikamweleza kwamba nasema ile wifi ya hewani. Akasema ahaa, hewani ni pa roho za wafu, kumbe namtakia na kifo.

Alhamisi, 6 Machi

Dada kafungasha. Nimempigia magoti mlangoni, jirani akichungulia (bila shaka akitumia mtandao wangu). Mke wangu, ambaye sasa anaongea, kaapa kwamba wifi yake akiondoka, anaondoka naye. Nikanywea.

Dada alidai ufunguo wa kabati, vitambaa vyake vimo humo. Akakitoa kiboksi kwa hasira, akakibwaga juu ya kabati. Ajabu! Chumbani mtandao ukafufuka! Nimewaza sana sababu. Nadhani jirani alipomaliza kuchungulia kasafiri.

Dada kabaki, baada ya mimi kuomba radhi kundini kwa ujumbe wa sauti, mara mbili, shangazi akinisahihisha.

Kesho sibahatishi. Nimenunua waya mrefu, nimeupitisha chini ya mlango hadi kitandani. Wote wameshajikwaa, dada mara nyingi zaidi, nadhani makusudi.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao. Shati, tai, blanketi kiunoni. Picha inang'aa, sauti kama niko mbele yao. Bosi akanisifu hadharani. Mafua akanuna! Raha iliyoje!

Kisha Mafua akaanza kusoma taarifa yake ya mauzo. Na mimi, kama kawaida yangu Mafua akisoma taarifa, nikasinzia.

Miezi yote nikilala wao hudhani picha imeganda. Leo, kwa waya, hakuna kilichoganda. Wameona udenda ukishuka kwenye tai. Wamesikia mkoromo, safi, bila kukatika. Nimeamka bosi ananiita jina langu lote, hadi la babu. Akasema mtandao wangu hauna kasoro hata moja. Jumatatu niko ofisini.

Nililia. Siyo kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetafakari siku nzima, nikapata jibu. Kosa halikuwa langu. Aliyeniponza ni waya.

Na kule ofisini, nimekumbuka, kila meza ina waya wake. Nimeweka mkasi kwenye begi.