Mizinga ya Mwalimu wa Biashara

Jumatatu, 5 Mei

Mulinge amekuja shuleni na gambuti mpya. Gambuti! Anafundisha Dini. Dini haihitaji gambuti. Amesema jioni anapitia mizinga yake ya nyuki, na amesema kwa sauti, ili sisi wenye mshahara mmoja tusikie vizuri. Kisha akaweka mtungi wa asali mezani, kila mwalimu ajipakie mkate. Nimekataa. Nikasema daktari amenikataza vitu vitamu. Hakuna daktari kama huyo. Wengine walipoenda darasani nimelamba kijiko, pande zote mbili.

Na mwalimu wa Biashara shule hii ni mimi. Nimefundisha faida tangu nikiwa na nywele. Yenyewe haijawahi kunitembelea.

Nyumbani mabaya zaidi. Mulinge amempigia simu mke wangu, Mama Ndunge (yeye, si mimi!) kuuliza kama anaweza kutundika mizinga kwenye shamba letu la mtoni, penye migunga. Atatugawia asali kila msimu. Mama Ndunge anaona ni jambo zuri, maana shamba limekaa bure tangu mihogo yangu ilipoliwa na fuko. Nimesema nina mipango na shamba lile. Akauliza mipango gani. Nikasema ya nyuki. Limenitoka tu.

Amecheka mpaka akaweka sufuria chini. Halafu akatoa hukumu: nyuki wakiingia kwenye mzinga wangu kabla ya mwezi kuisha, shamba ni langu nifanye nitakavyo. Wasipoingia, anampa Mulinge.

Nimekubali. Ningefanya nini? Nyumba hii ilijengwa na cherehani yake. Karo ya Ndunge, cherehani. Shamba la mtoni ndilo kitu pekee nilichonunua mimi. Nikisimama pale huwa narefuka kidogo.

Jumatano, 7 Mei

Nimetengeneza mzinga kutokana na kabati la vyombo lililovunjika. Sijalipa fundi. Ndani nimepaka maji ya sukari na soda ya machungwa. Kama ningekuwa nyuki ningehamia leo.

Mulinge ameniuliza mbona nina misumari mfukoni. Nimesema ni ya Kidato cha Pili. Akaitikia kwa upole. Ule upole wake ndio siuwezi.

Jumamosi, 10 Mei

Mzinga umejaa! Nimepiga mbio kumwita Mama Ndunge. Amechungulia, akasema hao ni siafu. Ameuliza kama siafu nao wanatoa asali ama nimeanzisha mradi mwingine. Nilikuwa navua suruali, walikuwa wamefika magotini.

Jumatano, 14 Mei

Nimeenda kwa Mulinge kusalimia. Kupeleleza ni neno kali. Mizinga yake ni ile ya magogo, imelala juu ya matawi kama wazee waliokula vizuri, na kila mmoja unavuma. Sauti ya pesa ile.

Halafu nimeona kitu. Kila mzinga una alama mbele, imechomwa kwa chuma: duara, mistari miwili, na mkia. Mzinga wenye alama, nyuki. Mwingine wenye alama, nyuki. Kabati langu, bila alama, siafu. Nimemuuliza Mulinge zile alama ni za nini. Akasema ni mambo ya kwao, ya zamani.

Ya kwao! Kumbe ni dawa ya familia! Mtu mzima, anafundisha Dini, na anatunyima siri. Nimejifanya najipiga picha, nikaipiga alama.

Mimi nilikulia Kibwezi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge. Asali yetu ilitoka dukani. Mambo haya watu walikaa nayo kimya wakati sisi tukinunua.

Jumapili, 18 Mei

Sijaenda kanisani. Nimesema tumbo. Magogo niliyoagiza kwa fundi wa Migwani yamefika, yametobolewa vizuri. Nimepasha chuma kwenye jiko nikachoma alama kwa kila mzinga, nikiifuata ile picha. Mkia nimeurudia mara kadhaa mpaka ukakaa sawa. Siwezi kupoteza nyuki kwa sababu ya mkia.

Mama Ndunge amerudi akakuta moshi jikoni. Ameuliza kama kuna mzee yeyote nimemuuliza habari za mizinga. Nimemwambia mfanyabiashara haulizi, anachunguza. Amefungua madirisha.

Jumamosi, 24 Mei

WAMEINGIA! Nyuki! Nyuki wenyewe, si siafu! Mzinga wa kwanza, na wa pili pia. Wametulia kama wapangaji waliolipa. Nimeruka mto, na ingawa sikufika ng'ambo, sijali.

Mama Ndunge amekuja kujionea. Ametikisa kichwa akasema ahadi ni ahadi. Ameniangalia vile aliniangalia kabla hatujaoana.

Nimempigia Mulinge simu. Nimemwalika aje mwisho wa mwezi aone. Namtaka aone akiwa karibu kabisa, na zile gambuti zake.

Jumamosi, 31 Mei

Amekuja. Amekuja na mjomba wake, mzee Mwau, mtu wa mkongojo na maneno machache. Mama Ndunge alikuwa amebeba chai kwenye chupa. Nilisimama chini ya mgunga kama mgeni wa heshima.

Mzee aliangalia juu muda mrefu. Mulinge naye akaangalia juu, kisha akaangalia viatu vyake. Mzee akauliza nani ametundika.

"Ni mimi, mzee," nikasema, kifua mbele.

"Umefanya vizuri, kijana. Mizinga yetu umeitunza."

Nikadhani macho yake yamechoka. Nikamweleza polepole kwamba ni mizinga yangu. Akanionyesha alama kwa mkongojo. Ni alama ya ukoo wao, akasema, babu zao walichoma hiyo hiyo. Mzinga unaweza kulala kwenye mti wa mtu yeyote, lakini anayeufungua ni mwenye alama. Mwingine akiugusa ni mwizi.

Nilitoa risiti ya fundi. Mzee hata hakuvaa miwani. Alisema mtu hachomi jina la mwingine mlangoni kwake halafu aseme ni nyumba yake. Akaanza kuzungumzia mbuzi wa faini. Mulinge akamsihi aache, akasema Mwalimu Mbaluka ni rafiki, hakujua. Nimetetewa na Mulinge! Afadhali mbuzi.

Nikamwambia Mama Ndunge kwa sauti ya chini kwamba nyuki waliingia, na ahadi ni ahadi.

"Waliingia, Baba Ndunge. Lakini tulisema mzinga wako." Akamimina chai. "Hata ukoo wenu una alama yake. Ungeuliza tu."

Halafu akamwonyesha Mulinge njia ya kuingilia shambani. Wakapita karibu yangu wakiongea habari za msimu. Nimebaki nimeshika vikombe.

Jumatatu, 2 Juni

Mulinge ameniachia mtungi wa asali mezani, na karatasi ya kushukuru kwa mizinga. Nimeila yote kwa hasira.

Lakini nyuki nimeachana nao. Wana mila nyingi. Jioni nikirudi nimempita jirani yetu Wavinya akifunga trei za mayai kwenye pikipiki, zinaenda Kitui mjini. Trei juu ya trei! Kuku wangu hutaga wakijisikia. Nimesimama kwenye ua nikachunguza, na nimeona kitu. Kuku wake wote wamefungwa kitambaa chekundu mguuni. Wote! Wangu hawana hata mmoja.

Sijamuuliza. Watu hawasemi ukweli juu ya mambo haya. Nimechukua vipande vyekundu chini ya cherehani ya Mama Ndunge, na kabla jua halijazama kuku wangu wote walikuwa wamefungwa, mguu ule ule.

Naandika nikiwa mlangoni. Wavinya ameingia kwetu na tenga la kubebea kuku, ameliweka chini, mikono kiunoni, anaangalia kuku wangu mmoja mmoja. Wivu wa watu! Sijaanza hata kuokota mayai.