Mke wa Kutia Sahihi

Kazi aliyopewa Ngigi ilikuwa rahisi kiasi kwamba hata mbuzi angeifanya: kumwagilia maua, kulisha mbwa, na kulala katika nyumba ya Hiram kule Kisaju mpaka Hiram arudi kutoka Doha. Nje ukutani Hiram alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Miezi saba Ngigi alipita hapo bila kugeuza shingo. Mwezi wa nane alisimama, akasoma polepole, akakuna kidevu. Mtu akijisumbua kuandika kwamba nyumba haiuzwi, aliwaza, basi kuna watu wanaoitaka.

Alasiri hiyo alinunua kopo la rangi ya krimu. Mbwa alimtazama akipaka juu ya maandishi, kisha akaangalia kando. Mbwa yule alikuwa na haya kumshinda.

Hati ya nyumba aliikuta chini ya godoro la mwenyewe, na rafiki yake mmoja wa Kitengela akamtengenezea kitambulisho chenye jina la Hiram na uso wa Ngigi. Tangazo likaenda kwenye simu za watu: mwenyewe anauza, hakuna broka, pesa taslimu tu.

Aliyekuja ni Mama Nakhumicha, mjane, mpishi mstaafu wa shule ya bweni. Miaka kumi na tisa alikuwa amepanga chumba kimoja Gataka, akiweka akiba ili wajukuu wake wanne wapate siku moja uwanja wa kukimbia bila kufokewa na mwenye nyumba. Alikuja na mkate na majani chai, kwa sababu haingii kwa mtu mikono mitupu. Kipande cha mkate akampa mbwa.

"Vigae hivi alichagua mke wangu," Ngigi alisema akimtembeza. "Hata hii sinki. Alikataa tatu kabla ya hii."

Hakuwa na mke. Aliona tu kwamba nyumba yenye mke huuzika vizuri.

"Basi tutamwona kwa wakili," Mama Nakhumicha alisema. "Nimeuliza. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila mke kukubali na kutia sahihi."

Ngigi alipangusa sinki kwa kiganja. "Utamwona. Mbona usimwone?"

Ndivyo Jentrix alivyoolewa. Alikuwa msusi karibu na soko la Kitengela, amechelewesha kodi ya kiti chake cha saluni, na Ngigi alimweleza ndoa kwa maneno machache: "Unakaa, unanyamaza, unasaini. Ukiulizwa, vigae ulichagua wewe, na sinki ulikataa tatu. Elfu nane."

"Nyumba ni ya nani?"

"Hiyo si kazi ya mke kuuliza."

"Na pesa?"

"Baada ya kusaini." Kufikia wakati huo, Ngigi alipanga awe Loitokitok na malipo ya kwanza mfukoni, akiangalia mpaka wa Tanzania.

Kesho yake wakakutana kwenye benchi nje ya ofisi ya wakili Soipan, juu ya duka la dawa za mifugo. Mama Nakhumicha alikuwa na thamosi na viazi vitamu ndani ya kitambaa. Kikombe cha kwanza hakumpa mwenye nyumba. Alimpa Jentrix.

"Umekula, mwanangu?"

Jentrix hakuwa amekula tangu jana.

"Vidole vimevimba. Shika kikombe hivi, joto linasaidia."

Ngigi, akitaka kuonekana mume mwema, alichukua kijiko. "Unaweka sukari, sweetheart?"

Mama Nakhumicha alimtazama kidogo, kisha akaendelea kumenya kiazi.

Ndani, wakili alisukuma karatasi. Jentrix alishika kalamu.

"Ngoja kidogo, wakili," Mama Nakhumicha alisema. "Mwanangu, nimekaa kwa nyumba za watu maisha yangu yote. Sitaki kuingia kwangu nikikanyaga machozi ya mwanamke mwingine. Kama hutaki, sema. Nitarudi na pesa yangu Gataka, na hatutakosana."

"Anataka," Ngigi alicheka. "Si unataka?"

Jentrix aliweka kalamu chini. "Sitaki."

Wakili aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Vigae nilichagua mimi," Jentrix aliendelea, sauti ikipata nguvu. "Sinki nilikataa tatu. Leo unauza bila kuniuliza?"

Ngigi alifungua mdomo. Angesema huyu si mke wangu, angelala kituoni. Angesema ni mke wangu, hakuna mauzo. Akaufunga.

"Matumizi anakupa?" Soipan aliuliza.

"Tangu tuoane, wakili, sijaona hata shilingi."

Na hilo lilikuwa kweli tupu, kwa kuwa ndoa ilikuwa na siku moja. Wakili alimkazia Ngigi macho mpaka akatoa simu, akatuma elfu nane.

"Na elfu mbili za sukari," Jentrix alisema.

Akatuma.

"Hati itabaki hapa," wakili alisema, akiifungia kabatini.

"Na aandike ukutani," Mama Nakhumicha aliongeza, "asije akamuuzia mama mwingine. Juzi niliona kuna sehemu ina rangi mpya. Nafasi ipo."

Basi wote wakapanda gari la wakili hadi Kisaju. Ngigi alipanda ngazi na kopo la rangi nyekundu, alilolinunua mwenyewe, huku Soipan akimsomea maneno. Chini, wanawake wawili walimalizia viazi.

"Mama, nikwambie ukweli," Jentrix alianza kwa sauti ndogo.

"Najua, mwanangu. Mume gani hajui kama mkewe anaweka sukari?"

Ngigi alisikia. Brashi ikateleza, na H ya mwisho ikatoka na mguu wa tatu.

Jirani, Kavutha, alipenda maandishi yale, akayapiga picha na kumtumia Hiram. Jioni simu ya Ngigi ililia akiwa bado anakwangua rangi kwenye kucha, mbwa amelala mlangoni.

"Ngigi, asante kwa kunipakia ukuta rangi," Hiram aliandika. "NYUMBA HII HAIUZWI, sawa kabisa. Lakini huo mstari wa chini, BILA IDHINI YA MKE HATA USIULIZE. Niko uwanja wa ndege, nafika kesho. Mke gani?"