Zukini Zangu na Presha Yangu

Jumatatu, 2 Juni

Mwenzangu,

Binti yetu amekuja na amri. Jumamosi nesi atanipima presha. Ikiwa bado iko juu, nahamia kwake, ghorofa ya nne, na nyumba hii itapangishwa. Wageni kwenye bustani yako ya zukini, yale mamumunye madogo ya kijani! Sihami ng'o. Kanibandikia karatasi jikoni: zukini ina maji mengi, nyuzinyuzi za kulainisha tumbo, potasiamu ya kusaidia presha, sukari kidogo. Moja kila mlo, Baba, akasema, na nitakagua. Kumbe ulinipandia dawa kabla hujaondoka duniani!

Jumanne

Nimechemsha zukini. Imelegea kama sponji ya kuogea. Wewe ulikuwa unaikwangulia ndani ya mchuzi na kuniambia ni kitunguu. Miaka yote hiyo nikala, nikaomba na nyongeza. Leo vipande viwili vimepita, cha tatu kimegoma. Binti alipopiga simu nikamwambia nimekula tatu nzima. Tatizo: zukini nilizochuma bado zimejaa kikapu, na kesho anakuja kukagua. Mpango: nizigawe!

Jumatano

Nimeanza kwa jirani yetu, fundi cherehani mstaafu, yule uliyempa jina la Tepu. Akaniuliza, mzee mwenzangu, hiki ni chakula au adhabu? Nikamsomea karatasi yote. Akasema potasiamu aliyonayo inamtosha. Kachukua mbili, kwa adabu tu. Nyumba ya pili walizima redio wakajifanya hawapo. Nimezunguka mtaa mzima, nimepanda kilima cha shule mara mbili. Binti alipofika, kikapu kitupu. Akanikumbatia: Baba, umezimaliza! Aibu kidogo. Furaha nyingi.

Alhamisi

Zimezaa tena! Na mlangoni nimezikuta za Tepu, zimerudishwa, zimefungwa utepe. Jeuri! Nikazipeleka mlango wake wa nyuma. Akazirudisha. Nikapeleka. Mara nne tumepishana njiani, kila mmoja akijifanya anakwenda dukani. Nyingine nimezifikisha gereji, ng'ambo ya mto. Mafundi wamepokea. Miguu inawaka moto.

Ijumaa

Kilima. Gereji. Tepu. Zukini niliyokula: hakuna.

Jumamosi

Imeshuka! Nesi kapima mara mbili. Binti akajigamba: zukini! Nesi akaniuliza nazipika vipi. Nikababaika. Nikamtazama binti yetu, macho yako yaleyale, nikashindwa kudanganya. Nikakiri yote, mpaka utepe. Binti akanuna. Kisha akacheka hadi akashika meza. Baba wewe, akasema, sijui nikufanyeje. Nimeruhusiwa kubaki nyumbani, mradi nipimwe kila mwezi.

Nesi anasema huenda ni kutembea ndiko kulikonisaidia. Niendelee, na mboga nizile kweli. Nimemwitikia kwa heshima. Lakini nesi bado mdogo. Mimi nilikwenda kazini kwa miguu miaka ishirini, presha ikapanda tu. Sasa hapa kilichoongezeka ni nini? Zukini! Zina nguvu kiasi kwamba hata ukizibeba bila kuzila zinatibu! Kuanzia kesho nabeba vikapu viwili. Tepu nitambebesha kimoja, naye apone, hata kama haumwi.

Nipo nyumbani, mwenzangu. Huko uliko, unikumbuke.