Jinsi Enid Holroyd Alivyozima Kioo

Sogeeni, enyi wenye masikio, na asiye na subira akae karibu na mlango. Maana nawasimulia vita vya Todmorden, mji wetu mdogo wa viwanda huko Uingereza, vilivyopiganwa Jumamosi ya mvua mwaka wa themanini na sita, katika ukumbi wa kanisa. Mimi nilikuwapo, katibu wa klabu ya kompyuta, na kalamu yangu haina upendeleo, ila kidogo.

Siku hiyo Trevor Sykes, mwenye kompyuta mpya inayong'aa, alitangaza kwamba meza imejaa, hivyo mashine kuukuu zihamie jikoni, kando ya sinki. Tukamgeukia Enid Holroyd, fundi wa kukagua vitambaa kiwandani miaka thelathini, aliyekuwa na mashine kuukuu kuliko zote na kiti chake pale dirishani. Kukipoteza kiti kile kungemuumiza, nasi tulijua.

"Trevor, mwanangu," akasema, "jikoni siendi kwa maneno matupu. Tuchore ile picha ya namba, kila mtu kwa yake. Atakayemaliza kwanza abaki mezani."

"Mama Enid, yako itamaliza Pasaka."

"Basi yai la Pasaka nitalila hapahapa."

Picha yenyewe ni umbo la ajabu, kama mdudu mnene mwenye manyoya, na kila nukta yake huzaliwa na hesabu moja inayorudiwa mpaka mashine ihemewe. Saa saba mchana majeshi yakajipanga. Kioo cha Trevor kikaanza kumwaga rangi, mstari baada ya mstari, na wanaume wakaguna kwa raha. Enid, simba wa Todmorden, akabonyeza kitufe, na kioo chake kikawa cheusi tii.

"Imekufa, maskini," akasema Arnold Crabtree, bwana wa birika kuu la umeme, akanyoosha mkono kwenye plagi ya Enid. Kwani kwetu soketi isiyo na kazi ni mali ya chai.

Enid akasimama. "Arnold, toa mkono. Haijafa, inafikiri. Kuonyesha picha kunaichosha, nimeiondolea mzigo huo ikimbie."

"Na chai?"

"Chai isubiri."

Kauli nzito namna hiyo haijapata kusikika Yorkshire. Watu kumi na tisa tukakaa koo kavu, nami nikamwogopea Enid kweli, maana akishindwa baada ya kutunyima chai, hata jikoni asingepokewa.

Saa kumi na dakika ishirini akakiwasha kioo. Nusu ya juu ya picha imekamilika. Ya chini tupu. Trevor, aliyekuwa amevuka robo tatu, akacheka. Enid akabonyeza tena, na nusu ya chini ikajaa papo hapo.

"Huo ujanja," akasema Trevor. "Huko chini hujahesabu."

"Chini ni juu iliyogeuzwa. Nimetazama nakshi maisha yangu yote, nikaiona mara moja. Wewe mwenzangu unahesabu kila kitu mara mbili."

Trevor akaitazama picha yake, juu, chini, juu tena, mpaka masikio yakamwiva. Akashika waya zake aondoke.

"Usichomoe," Enid akasema, akimshika mkono. "Imebaki kidogo. Iache imalize."

Tukasimama wote tukaingoja, mstari kwa mstari, mpaka wa mwisho. Kisha Trevor akaibeba mashine yake hadi jikoni, nami nikaandika kwa herufi kubwa, vizazi vijavyo visije vikabishana: ENID HOLROYD, DIRISHANI, MPAKA ATAKAPOCHOKA MWENYEWE.