Kofia ya Izidori

Jumatatu, 1 Juni 1998
Mkutano wa kijiji. Bwana Misitu kaja kutoka Mbinga, anataka msitu wa mlimani ufungwe. Watalii watakuja, mkoa mzima utafaidika, na kijana mmoja wa hapa Ngumbo atapewa kazi ya ulinzi. Kazi! Siku hizi hata wenye vyeti wanapunguzwa! Izidori wangu kamaliza la saba, mwandiko wake unaushinda wa mwalimu. Jirani Avelina akauliza kuni za kukaushia samaki tutazitoa wapi. Nikamwambia akae, huo ni wivu. Wenzangu walinyoosha mkono mmoja. Mimi miwili.

Alhamisi, 4 Juni
Kapata! Kofia ya kijani na filimbi. Viatu bado. Mshahara bado. Nimempitisha sokoni mara tatu. Mbele ya nyumba ya Avelina, mara nne.

Jumanne, 9 Juni
Kuni zimekwisha. Mtaji wangu wote ni samaki, mbasa walio kichanjani, nao wameanza kunuka. Avelina, mjanja yule, alijaza kuni chumba kizima kabla msitu haujafungwa. Nimemwomba mzigo mmoja tu. Kasema, Mama Izidori, si umwombe mlinzi wako? Sawa. Mama wa mlinzi nani atamzuia? Kesho alfajiri napanda.

Jumatano, 10 Juni
Nimezuiwa. Izidori alivua kofia, akasema shikamoo mama. Nikaitika marahaba. Ndipo akapuliza filimbi! Mtoto niliyembeba mgongoni mpaka miaka mitatu! Kasema akiniacha mimi, kazi hana. Shoka kachukua. Kijiji kizima kilitoka kutazama, Avelina kaja na kigoda chake kabisa. Jioni nimewafukia mbasa wote. Wanunuzi wa Mbinga wamechukua wa Avelina.

Ijumaa, 12 Juni
Watalii! Wawili. Nikavunja kitanda changu, nikawachemshia chai. Wakapiga picha bango la msitu, wakanywa maji yao ya chupa, wakaondoka. Huo mkoa unaofaidika sijui unakaa nyumba gani.

Jumapili, 14 Juni
Baada ya misa Bwana Misitu kamsifu Izidori mbele ya watu: huyu hata mama yake hakumwacha. Makofi! Nikasimama, nikawaambia mama mwenyewe ndiye mimi. Akaendelea: sasa wanataka kufunga na ziwa upande wetu, samaki wasiguswe. Atahitajika mlinzi mwingine. Avelina akauliza tutakula nini. Wivu tu. Nazari wangu, mdogo wake Izidori, anaogelea kuliko samaki wenyewe, na kichwa chake kofia itakikaa vizuri zaidi.
Nikanyoosha miwili.